Pine 15 si kila pine 15: Coccinelle ya papa, na namba zilizoandikwa ubavuni



Juma lililopita mmoja wa promosheni yetu alinipigia simu. Amenunua Coccinelle ya zamani kule Likasi, bodi nzuri, motere inawaka, lakini mapine yamekauka na kupasuka kama bulongo ya mwezi wa kumi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nitie mapine gani? Sokoni banasema janti ni 15, nichukue 15 yoyote." Nilimwambia asinunue kitu mpaka nimuandikie. Njo haya ninayoandika, na ninayaweka hapa juu ninajua kuna wengine kati yetu wenye motokari ya papa ao ya nkambo iliyolala chini ya muembe inangojea siku yake.

Hiyo sentensi ya "15 ni 15" ninaijua vizuri. Mimi pia nilielezwa hivyo, nikaamini, na ilibaki kidogo nimwangushe mama yangu mutoni.

Papa alikuwa mwalimu. Coccinelle yake ni 1300 ya mwaka 1966, rangi ilikuwa bluu, sasa ni rangi isiyo na jina. Alipokufa, gari ilikaa miaka nane bila kutoka kiwanjani. Kuku walitaga ndani. Yaya wangu alitaka tuiuze kama chuma, mama akakataa. Alisema: siku ya kuweka jiwe kwenye kaburi ya papa, kule Likasi, ataenda na ile motokari, hata kama ni safari ya mwisho. Basi mimi, mwenye diploma ya uhandisi, nikajitwika kazi.

Kulikuwa na muzee mmoja aliyeitengeneza tangu zamani za papa. Sikumuita. Ninasema ukweli: niliona haya. Nimesoma politekniki miaka yote ile, halafu niende kumuuliza muzee asiyemaliza shule ya msingi eti pine gani inaingia? Nilisoma ubavu wa pine ya zamani: 5.60-15. Nikaenda sokoni. Muuzaji akasema hizo za 5.60 hajaziona tangu kuzaliwa, lakini 15 ziko nyingi, akanionyesha 195/65R15, safi, za okazyo kutoka Ulaya. Kwado akazitia kwenye janti za papa, akapiga hewa 2,2 kila pine, mbele na nyuma, kama anavyofanya kwa Corolla zote zinazopita pale. Gari ikasimama vizuri, nene, kama kijana aliyeanza kula vizuri. Nilipiga hata picha.

Asubuhi tulitoka, mama nyuma na mama mudogo, mimi na mudogo wangu mbele. Mpaka Likasi ni kama kilometa 120. Tangu Lubumbashi niliona volan haikai. Ninageuza, gari inangoja kidogo, halafu inaenda yote kwa mara moja. Nilijiambia ni uzee. Kwenye viraji moja ya kushuka, mbele ya daraja ndogo, nilitoa muguu kwenye gazi, na nyuma ya gari ikatoka. Si kuteleza kidogo. Nyuma ilitaka kutangulia mbele. Tulizunguka nusu, tukasimama tumetazama Lubumbashi tulikotoka, pine moja ya nyuma iko kwenye majani, na chini ya majani ni maji. Hakuna aliyepiga kelele. Mama alitengeneza kitambaa chake kichwani akasema tu: "Papa yenu alikuwa anapita hapa polepole." Nilijua hata papa alikuwa anapita pale mbio kuliko mimi siku ile. Tulikuwa kwenye 60.

Tulirudi nyumbani kilometa 30 kwa saa. Kesho yake nilienda kwa muzee.

Hakunicheka. Alizunguka gari mara moja, akapiga pine kwa kiganja, akaniuliza: "Mwana, hii mapine ni ya nani?" Nikasema ni ya Coccinelle. "Hapana. Hii ni ya motokari ingine. Umeivalisha kiatu ya kaka mukubwa, na kamba umefunga ya mutoto." Halafu akachukua mita akaninyoshea. Nilipima mwenyewe, na masomo yangu yote yakarudi kichwani moja kwa moja, kwa kuchelewa.

Tuanze na kusoma namba, juu bila hiyo hautaelewa muuzaji anakuuzia nini.

Kwenye pine ya leo, tuseme 195/65R15: 195 ni upana wa pine kwa milimita, kutoka ubavu mpaka ubavu. 65 si milimita, ni sehemu kwa mia: kimo cha ubavu ni 65 kwa mia ya ule upana. R ni radiali. 15 ni kipenyo cha janti kwa inchi, ile Wafaransa wanaita pouce. Sasa piga hesabu: 195 mara 0,65 ni karibu 127. Pine iko na ubavu juu ya janti na ubavu chini ya janti, kwa hiyo 127 mara mbili, 254. Janti ni 15 mara 25,4, ni 381. Jumla 635. Huo njo urefu wa pine nzima ikiwa imesimama, milimita 635.

Pine ya zamani ya 5.60-15 inaongea luga ingine. 5.60 ni upana kwa inchi, karibu milimita 142. Namba ya kimo haipo, kwa sababu wakati ule kila mutu alijua: pine ilikuwa karibu ya muviringo, kimo chake kinakaribia upana wake. Ukihesabu unapata pine ya milimita 650 na kitu. Halafu kuna namba za katikati ya wakati, kama 165R15 ao 165SR15, bila mukwaju na bila kimo. Hizo unazihesabu kama zina kimo cha 80 mpaka 82 kwa mia. Leo ile ile inaandikwa 165/80R15: 165 mara 0,8 ni 132, mara mbili 264, ongeza 381, ni 645.

Nafungua mabano kidogo kwa benye kupenda Citroën. Kuna janti za zamani za Kifaransa zilizopimwa kwa milimita, si kwa inchi. Traction na DS za kwanza zilivaa 165-400. Ile 400 ni kipenyo cha janti, na ukigawa kwa 25,4 inakupa inchi 15,75. Si 15, si 16. Pine ya 15 haiingii, na pine ya 16 inaweza kuonekana kama imekaa, lakini iko na nafasi ya karibu milimita 6 na inaweza kutoka njiani. Nimesikia mafundi wanasema "tunaisukuma na hewa mengi, inakamata." Haikamati. Kama una janti ya 400, tafuta pine ya 400, zingali zinatengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani, ao acha gari ilale mpaka upate. Nafunga mabano.

Sasa turudi kwenye Coccinelle. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni ule urefu wote wa pine, kwa sababu gari nzima ilihesabiwa juu yake. Bwati ya vitesi ilichaguliwa kwa ule urefu, freni pia, kompteri pia. Kwenye Coccinelle, kompteri inashikwa na kamba inayotoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, inapita katikati ya ekseli yake. Wengi hawajui. Ukitia pine fupi mbele, hata kama nyuma ni ya kweli, kompteri inakudanganya.

Mujomba wangu, aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alitaka nitie pine za jipu, 215/75R15, "juu ya mashimo." Hesabu: 161 mara mbili ni karibu 323, ongeza 381, ni 704. Ni urefu unaozidi ule wa 645 kwa karibu 9 kwa mia. Maana yake kila vitesi inakuwa ndefu kwa 9 kwa mia, na motere ya 1300 iko na farasi 40 tu. Kwenye mupando wa Likasi ungebaki kwenye vitesi ya pili na lori zinakupigia oni. Freni nazo zinapoteza nguvu kwa kiasi kile kile, juu zinashika gurudumu lenye muguu mrefu. Na mbele, ukikata volan, pine ingekula bati. Ninasema: usitoke zaidi ya 2 ao 3 kwa mia kwenye urefu wa kwanza, juu ao chini. Zaidi ya pale unatengeneza gari ingine.

Lakini angalieni vizuri. Mapine yangu ya 195/65 yalikuwa na 635. Tofauti na 645 haifiki hata 2 kwa mia. Kwa urefu hayakuwa na kosa kubwa, na njo kilichonidanganya. Nilikuwa nimepiga ile hesabu usiku, nikalala na furaha. Kosa lilikuwa pahali ambapo sikupima hata mara moja: upana wa janti.

Muzee alitoa pine moja, akaniambia nipime janti. Niliweka mita kwenye midomo miwili ya nje, nikapata inchi 5. "Ya ndani," akasema. Upana wa janti unapimwa ndani, pale miguu ya pine inakaa, si kwenye midomo. Ndani nilipata inchi 4, sentimeta 10 na kidogo. Halafu akasugua uchafu karibu na valvu, ikaonekana imechapwa kwenye chuma: 4J x 15. Ilikuwa pale miaka yote, na mimi nilikuwa nimepaka rangi juu yake.

Kila pine iko na mpaka wa upana wa janti. 165/80R15 inakubali janti ya inchi 4 mpaka 5,5. 195/65R15 inaanza kwenye 5,5 na inaenda mpaka 7. Mimi niliitia kwenye 4. Miguu ya pine ilivutwa ndani inchi moja na nusu kuliko inavyotaka. Matokeo yake unaweza kuyaona na macho: mbavu zinatoka nje kama mashavu ya mutoto mwenye mkate mdomoni, na uso wa pine, ule wenye meno, unapinda kama mgongo wa ngombe. Chini, badala ya kukanyaga kwa upana wote, pine inakanyaga katikati tu. Nililipia milimita 195, nilikuwa natembelea pengine nusu. Na zile mbavu zilizolegea, ukikata volan, kwanza ubavu unalala, gari inangoja. Halafu ubavu unafika mwisho, gari inaenda kwa mara moja. Ile "kungoja kidogo" niliyoisikia tangu Lubumbashi ilikuwa hiyo. Haikuwa uzee.

Nyuma ya Coccinelle ya 1966 kuna jambo la zaidi. Ekseli za nyuma zinapinda pale katikati tu, karibu na bwati. Gurudumu likipanda ao likishuka, linainama, kama miguu ya mutu anayechuchumaa. Kwenye viraji, mutu akitoa gazi ghafla, nyuma inanyanyuka, magurudumu yanaingiza miguu chini, na pine inabaki inakanyaga kwa ukingo. Pine nyembamba yenye uso uliokaa sawa inavumilia hiyo vizuri zaidi. Pine pana iliyobanwa kwenye janti nyembamba haina ukingo wa kukanyagia.

Kwa hiyo batu wanauliza: basi nitafute janti pana? Inawezekana. Kuna janti za inchi 5 na 5,5 za Coccinelle. Lakini hapo unafungua mlango wa maswali mengine matatu. Swali la kwanza ni mabulo. Gari ya papa iko na mabulo matano kwenye duara ya milimita 205, duara kubwa sana ambayo magari mengi hayana. Coccinelle za baadaye ziko na mabulo mane kwenye 130. Janti ya Toyota haiingii hata ukiomba. Kuna batu wanatia vipande vya katikati vya kubadilisha mabulo. Vile vinasukuma gurudumu nje, na uzito unavuta marulma na viungo vya mbele kwa muguu mrefu kuliko walivyohesabu. Swali la pili ni umbo la kichwa cha bulo: kingine ni cha muviringo, kingine kimechongoka. Bulo iliyochongoka kwenye shimo la muviringo inashika kwa mustari mwembamba tu, na inalegea yenyewe. La tatu ni pale janti inapokaa: inaingia ndani kiasi gani, inatoka nje kiasi gani. Janti mbili za upana mumoja zinaweza kutofautiana, moja inagusa bati ya nje, ingine inagusa ndani. Kama hauna mutu aliyeshakufanyia hivyo na gari yake inatembea, kaa na janti zilizokuja na gari. Huo ni uamuzi wangu, na sitaki kubishana na vijana wa magari yaliyoshushwa.

Sasa hewa. Hapa njo nilikuwa karibu kuua batu, zaidi ya upana wa janti. Motere ya Coccinelle iko nyuma. Karibu 60 kwa mia ya uzito inakaa juu ya mapine mawili ya nyuma. Volkswagen walilijua hilo, na kwa 5.60-15 walisema hewa 1,1 mbele na 1,7 nyuma mukiwa watu wawili, 1,2 na 1,8 mukijaa. Kwa radiali za 165, karibu 1,3 mbele na 1,9 nyuma. Angalia tofauti, si namba tu: nyuma inapita mbele kwa 0,6. Ile tofauti haikuwekwa kwa ajili ya kubeba uzito peke yake. Mbele ikiwa laini, mbele inateleza kwanza, gari inaenda moja kwa moja, dereva anaogopa, anapunguza, anabaki hai. Mimi nilikuwa na 2,2 pande zote. Mbele ilishika kama msumari, nyuma haikuwa na cha zaidi cha kushikia, basi nyuma ikatoka. Kwado hakukosa. Kwa Corolla yenye motere mbele, hewa sawa inaenda. Mimi njo sikumwambia kitu.

Tangu siku ile nimeandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa tanki la mbele: 1,3 – 1,9. Kila kwado anaposhika komprese ninamwonyesha pale. Wengi wanakataa: "Patron, 1,3 ni pine imetoboka." Ninakaa karibu mpaka amalize.

Kuna pia jambo la R. Pine za zamani nyuzi zake za ndani zinapitana kwa msalaba. Radiali nyuzi zinaenda moja kwa moja kutoka muguu mpaka muguu, na juu kuna mukanda wa kukaza. Michelin walianza kuuza radiali mwaka 1949, lakini magari mengi yaliendelea na za msalaba miaka mingi. Tabia zao hazifanani kabisa kwenye viraji. Usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja, hata mpaka garaji ya jirani. Kama hauna makuta ya nne zote, radiali mbili zinaenda nyuma, hazitangulii mbele hata siku moja. Na pine ya sekure iwe ya aina na kipimo kile kile. Mutu anatumia akili yote kwenye nne, halafu siku ya shimo anafunga ya tano iliyotoka kwa mungu gani.

Uzito ninaupita mbio. Namba ndogo baada ya kipimo, kama 86 S, inasema 86: pine moja inabeba kilo 530, S: mpaka 180 kwa saa. Coccinelle tupu ni kama kilo 800, na mbio zake za mwisho ni kama 120. Hapo hauna shida, ila ukipewa pine ya kigari cha kukokotwa. Kwa Land Rover ya zamani ao pikapu ya kubeba mihogo, usipite mbio kama mimi, soma ile namba vizuri.

Umri wa pine, hapana, hapa ninasimama tena. Tafuta neno DOT ubavuni, mwisho wake kuna namba nne kwenye kiduara. 2419 maana yake juma la 24 la mwaka 2019. Kama ziko tatu tu, hiyo pine ilizaliwa mbele ya mwaka 2000, iache hapo hapo. Motokari ya zamani haitembei sana, kwa hiyo mapine yake hayaishi meno, yanazeeka na meno mazima, na batu wanadanganyika na meno. Ngozi inakuwa ngumu, inapasuka vimistari, na siku ya joto inafunguka. Zile za okazyo nilizonunua, nilipozisoma baadaye, zilikuwa na miaka 11. Zilikuwa zinangaa. Zimepakwa kitu.

Na mupira wa ndani. Janti nyingi za zamani hazina kile kivimbe kidogo kinachozuia muguu wa pine kuteleza ndani hewa ikipungua. Ukiwa na 1,3 mbele na janti isiyo na kivimbe, ukiingia kwenye shimo na volan imekatwa, pine isiyo na mupira wa ndani inaweza kumwaga hewa yote mara moja. Mimi natia mupira wa ndani, wa kipimo cha kweli, na ninamwambia kwado apitishe mukono ndani ya pine mbele ya kufunga: karatasi yoyote iliyobandikwa ndani itolewe. Kale kakaratasi kanasugua mupira mpaka kanautoboa, na hautajua ni nini.

Mapine yenyewe niliyapata wapi? Si Lubumbashi. Volkswagen walitengeneza Coccinelle Afrika ya Kusini, kule Uitenhage, mpaka mwaka 1979, na Meksiko mpaka 2003. Zilitoka zaidi ya milioni 21 duniani. Gari nyingi namna hiyo haziachwi bila viatu: 165/80R15 ingali inatoka kiwandani mpya. Nilituma makuta kwa mutu anayepandisha mizigo kutoka Afrika ya Kusini, zikapita Zambia, zikaingia Kasumbalesa. Zilichukua juma tano. Zilinigarimu zaidi ya mara mbili ya zile 195 zinazongaa, na zile 195 nilimpa mutu mwenye Corolla baada ya kumwambia umri wake. Alizitumia kama viti vya bustani.

Muzee alizifunga mwenyewe. Alikaza mabulo kwa nyota, moja linaruka linaenda la mbali, hakuzunguka. Baada ya kilometa 50 tulisimama akakaza tena, na mawili yalikubali robo. Hakutaka franga. Alitaka kiti cha mbele.

Tulienda Likasi mwezi uliofuata. Kwenye ile viraji nilipunguza mpaka 40, hata kama gari ilikuwa inaenda kwa mustari kama treni. Mama alikuwa anatazama majani upande wa kuume. Jiwe la papa liliwekwa saa nane.

Sasa, rafiki wa promosheni: nilimuomba anitumie picha ya janti iliyosuguliwa karibu na valvu, na picha ya mabulo. Zimefika jana usiku. Gari yake iko na mabulo mane, kwa hiyo si ya umri alioambiwa na muuzaji, na hilo atalizungumza naye mwenyewe. Janti imechapwa 4½J x 15. Jibu lake: 165/80R15, tano pamoja na ya sekure, 86 ao zaidi, mwaka asome mwenyewe mbele ya kutoa makuta, hewa 1,3 na 1,9. Na muuzaji akimwambia kwamba 15 ni 15, ampe mita apime ndani.